Mzee Wangu Anaulizia Nyumba

Wake wa askari wanaosoma ukurasa huu hawahitaji kuelezwa maana ya kukabidhi nyumba. Uhamisho unakuja leo, na kesho kutwa mtu wa stoo amesimama mlangoni na karatasi yake: vitanda viwili, meza moja, viti vinne, vioo vya madirisha kumi na viwili, kimoja kimepasuka. Unatia sahihi, unatoa ufunguo, unapanda lori pamoja na magodoro na kuku, na nyumba uliyoipiga deki kwa miaka miwili inakuwa ya mke wa mtu mwingine kabla vumbi la lori halijatua. Mimi niliyafanya hayo mara tisa kati ya mwaka 1971 na 1989, na sikulia hata mara moja. Nyumba ya serikali ni kama sare. Unaivaa vizuri, unaitunza, na siku ukiambiwa uirudishe unairudisha imepigwa pasi.

Mume wangu, ambaye kwa heshima ya umri wake nitamwita Mzee, aliingia katika polisi ya Uganda mwaka 1968, akitokea kwao Tororo. Mimi ni Mkonzo wa Bwera. Tulikutana Fort Portal, mimi nikiwa nimeletwa na mjomba kutibiwa meno, yeye akiwa zamu hospitalini kumlinda mahabusu mgonjwa. Hakujua Kikonzo, nami sikujua hata neno moja la lugha ya kwao. Kiswahili cha gwaride ndicho kilichotuoa, na ndicho watoto wetu wanne walichokisema kabla ya lugha za babu zao.

Alikuwa mtu wa utaratibu kupita kiasi. Mwaka 1979, vita vilipokuwa vikisogea kuelekea kaskazini nasi tukaondoka Masindi kwa haraka, hapakuwa na mtu wa stoo wala afisa wa kupokea ufunguo. Mzee aliketi mezani, akaandika orodha ya vitu vyote vya serikali kwa mwandiko wake uliosimama wima, akatia sahihi, akafunga mlango, akausukuma ufunguo pamoja na karatasi kupitia chini yake. Nadhani vitu vyenyewe viliporwa siku ile ile. Lakini yeye alikuwa amekabidhi.

Kituo chake cha mwisho kilikuwa Kasese, na huko ndiko tulikojenga. Wenye umri wangu watakumbuka shaba ya Kilembe. Bonde lenyewe liko kilomita 10 hivi kutoka mjini Kasese, limebanwa na vilima vya Rwenzori, na mto Nyamwamba unapita katikati yake. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba hiyo, ikawa inapelekwa Jinja kuyeyushwa. Watu wa makabila mengi walikuja kuchimba, wengine wakitoka Kenya na Kongo, hata Kiswahili kikawa lugha ya mgodi, ya duka na ya watoto wakicheza. Uchimbaji ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, na treni nazo zikaacha kuja katika miaka ya 1990, lakini watu wengi walibaki palepale bondeni na Kiswahili chao. Mzee alipapenda kwa sababu hiyo. “Hapa hakuna mgeni,” alisema, “kwa kuwa wote ni wageni.” Mimi, ambaye babu zangu walikuwa wakiitazama theluji ya Rwenzori kabla mtu yeyote hajafikiria shaba, nilimtazama tu nikanyamaza.

Tulinunua kiwanja mwaka 1987 kwa mtu aliyekuwa akirejea kwao. Kwa mshahara wa sajenti nyumba haijengwi, huoteshwa kama mti. Mwaka mmoja matofali, mwaka wa pili mabati, mengine yametobolewa na misumari ya mwenyewe wa kwanza. Fundi alipomwaga saruji ya kizingiti, Mzee alichukua msumari akaandika namba yake ya uaskari katika saruji mbichi, namba ile ile aliyopewa siku ya kuapishwa. Nilimwuliza kwa nini asiandike jina. Akasema majina yanafanana.

Tulihamia mwaka 1989. Jambo la kwanza nililolifanya nilipoingia lilikuwa kupigilia msumari ukutani. Katika kota msumari ni kosa, kwani mtu wa stoo huyahesabu matundu. Nami nilipiga msumari wa inchi nne nyuma ya mlango, kwa nguvu zangu zote, nikalitundika koti la mvua la Mzee. Koti lile lilikaa hapo miaka 31.

Sitawachosha kwa habari za miaka hiyo, maana ni zile zile za kila nyumba. Mzee alistaafu mwaka 1994. Watoto wanne waliondoka mmoja mmoja kwenda kwao, na mjukuu wa kwanza alizaliwa katika chumba cha nyuma kwa sababu mvua ilizuia gari. Palikuwa na mti wa parachichi uliozaa mwaka mmoja na kupumzika mwaka mmoja, tukawa tunahesabu mambo kwa huo mti: fulani alioa mwaka wa maparachichi, fulani alikufa mwaka usio na kitu. Sauti ya Nyamwamba ilikuwa humo ndani mchana na usiku. Wageni walilalamika kwamba hawapati usingizi. Sisi tulikuwa hatuisikii tena, kama vile mtu asivyousikia moyo wake.

Nyamwamba ni mto mfupi wenye hasira. Unatoka juu kabisa mlimani, unashuka kwa ghafla, wala hauna mahali pa kupumzika kabla ya kufika tambarare ya Kasese. Wenyeji hawasikilizi maji yake, husikiliza mawe. Mawe yakianza kugongana chini ya maji, kwa mshindo kama wa mapipa yanayoviringishwa, ndio wakati wa kubeba watoto.

Tarehe 1 Mei 2013 mawe yaligongana. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha mlimani, na mwaka mmoja kabla ya hapo moto ulikuwa umeteketeza mimea ya juu ambayo hunywa maji na kuyaachia polepole. Wataalamu waliutaja moto huo kuwa mojawapo ya sababu. Mto ulibomoa madaraja na nyumba, watu walikufa, na maelfu wakakosa pa kulala. Sisi tulipoteza jiko, banda lenye kuku kumi na mmoja, na ule mti wa parachichi. Mzee alikuwa na miaka 67. Alijenga jiko jingine upande wa mlima, akaweka mawe makubwa mstari mmoja kati yetu na mto, akayapaka chokaa kama yale ya mbele ya kituo cha polisi. Watoto walitusihi tuhame. Yeye alijibu kwamba hajapokea uhamisho.

Mafuriko ya pili kwetu yalikuja usiku wa kuamkia tarehe 7 Mei 2020. Msomaji atakumbuka mwaka ule ulivyokuwa: Korona, shule zimefungwa, magari yamezuiwa, amri ya kutotoka nje usiku. Wiki ile mito kadhaa ya Kasese ilifurika, Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani, hata Lhubiriha ulioko mpakani na Kongo. Hospitali ya Kilembe iliharibiwa na wagonjwa wakahamishwa. Sisi tuliyasikia mawe mapema, tukapanda kilimani tukiwa na mfuko wa hati, redio, blanketi mbili na koti la mvua. Mzee alikuwa wa mwisho kutoka. Nilimwona kwa mwanga wa tochi akifunga mlango kwa ufunguo, akausukuma kwa bega kuhakikisha, kisha akautia ufunguo mfukoni. Nyumba ilipokwenda, ilikwenda imefungwa.

Asubuhi hapakuwa na gofu la kutazama. Mto ulikuwa umehamia kwetu. Pale palipokuwa na kitanda palikuwa na maji, na pale palipokuwa na mto wa zamani palikuwa na mawe makubwa kama lori.

Hapa nataka kueleza jambo ambalo watu wanaotupa pole hawalioni sawasawa. Mama yangu mzazi naye alikimbia nyumba yake uzeeni. Ilikuwa Novemba 1996, waasi walipovuka kutoka Kongo na kuishambulia Mpondwe, karibu kabisa na Bwera. Alikuja kwetu Kilembe na kikapu kimoja, akakaa nasi karibu mwaka mzima, akiketi kila siku juu ya kile kizingiti chenye namba. Aliporudi alikuta nyumba haina mlango wala paa, na mbuzi wa watu wanalala chumbani. Lakini mafiga yalikuwepo. Aliniambia alikaa chini karibu na mafiga akanyosha kidole: hapa nilimzaa fulani, hapa baba yenu alianguka, hapa palikuwa na mtungi. Vita vilimnyang'anya mali, vikamwachia mahali pa kunyoshea kidole. Mtu aliyenyang'anywa na mto nyoshee kidole wapi? Maji yanayopita hapo leo si yale ya jana.

Mwanangu wa pili anafanya kazi Bwera, na huko alikuwa amejenga nyumba nzuri, mbali na mto Lhubiriha kwa makusudi kabisa. Tulisubiri ruhusa za usafiri katika darasa la shule pamoja na jamaa wengine, kisha akaja kutuchukua. Majirani zetu wengi hawakuwa na mtoto mwenye nyumba. Walipelekwa kambi ya Muhokya, katika mahema, na wengine walikaa huko kwa miaka. Ninapolalamika huwakumbuka, nikapunguza sauti.

Huko Bwera ndipo tulipojua kiasi cha ugonjwa wa Mzee.

Nikitazama nyuma naona dalili zilikuwepo tangu mwaka 2017 hivi. Alikuwa akichanganya majina ya wajukuu, akiuliza jambo mara tatu. Lakini nyumbani Kilembe hakuna aliyeshtuka, maana nyumba ile ilikuwa ikimfanyia kazi ya kukumbuka. Aliamka saa kumi na moja alfajiri, akateremsha miguu upande wa kulia, hatua nne mpaka mlangoni. Akausukuma mlango kwa nje. Mkono wa kushoto ukakutana na koti. Hatua kumi na nne mpaka chooni, mto ukiwa kushoto wakati wa kwenda na kulia wakati wa kurudi. Hakuhitaji kukumbuka kitu chochote. Miguu ilijua, na sauti ya maji ilimwongoza. Angeweza kusahau jina langu njiani na bado akarudi kitandani kwangu.

Bwera usiku wa kwanza alisimama mbele ya mlango wa chumba akiusukuma. Mlango ule ulifunguka kwa ndani. Alisukuma, akasukuma tena, kisha akaanza kupiga kelele kwamba amefungiwa mahabusu bila kosa. Mjukuu wa miaka sita alilia kwa hofu. Usiku wa pili aliniambia ameugua masikio, kwa sababu hausikii mto. Usiku wa tatu alivaa koti akaniambia, kwa sauti ya upole kabisa, kama anavyozungumza mgeni asiyetaka kuwaudhi wenyeji: “Masika, hawa watu wametukarimu vya kutosha. Tutarudi lini nyumbani?”

Nilimweleza habari za mafuriko. Alisikia, akainamisha kichwa, akalia kama mtu anayepata habari kwa mara ya kwanza, kwa kuwa kwake ilikuwa mara ya kwanza. Kesho yake jioni aliuliza tena. Nikamweleza tena, akalia tena. Siku ya nne niliacha. Kumfisha mtu nyumba yake kila jioni ni ukatili, hata kama unasema kweli. Tangu siku hiyo akiuliza tutarudi lini humwambia: “Barabara haijafunguliwa.” Hilo analielewa. Askari anajua kusubiri barabara.

Ndugu walikuwa na maoni yao. Mmoja alisema ni uchawi wa watu wa Kilembe waliotuonea wivu. Mwingine alitaka apelekwe Tororo kutambikiwa, maana mwanamume kukaa upande wa ukweni uzeeni ni jambo linalowakera mizimu. Mwaka 2021 mwanangu alimpeleka kwa daktari. Daktari alitwambia huu ni ugonjwa wa usahaulifu unaowapata wazee, ubongo wenyewe unachakaa, na dawa ya kuuponya haipo. Akasema mgonjwa wa namna hii hupoteza kwanza mambo ya karibuni na kushikilia yale ya zamani na yale ambayo mwili umeyazoea, na kwamba kumtoa mahali alipopazoea humzidishia fadhaa. Basi nikamwuliza: kama mahali penyewe pamekwenda na maji, je? Alikuwa kijana mwadilifu, hakujifanya ana jibu. Alisema, “Mama, jaribu kumjengea kipande.”

Nayaandika haya yaliyofuata kwa ajili ya wale ambao wana mzee wa namna hii ndani ya nyumba, au watakuwa naye. Tulimwita fundi akageuza bawaba, mlango ukafunguka kwa nje. Fundi alinung'unika kwamba mlango utagonga ukuta wa barazani, nasi tukamwambia ugonge. Kitanda tukakihamisha mpaka miguu ya Mzee ikashukia kulia na mlango ukawa hatua nne. Nikaomba ruhusa kwa mke wa mwanangu nipige msumari katika ukuta wake uliopakwa rangi juzi. Yule binti, Mungu ambariki, alinipa nyundo mwenyewe. Koti likarudi mkono wa kushoto. Choo cha ndani Mzee alikikataa katakata. Kwake ni aibu mtu kujisaidia chini ya paa moja na chungu. Mwanangu akachimba kingine nje, hatua kumi na nne, na akafunga kamba ya kushikilia. Kuhusu mto hatukupata la kufanya, isipokuwa siku ambazo mvua inapiga mabati.

Na kuna habari ya ufunguo. Bado anao mfukoni, ule wa Kilembe. Kila jioni akirudi matembezini huutoa, huutia katika kitasa cha mwanangu, na bila shaka hauingii. Mke wa mwanangu akisikia unakwaruza husogea kimya akafungua kutoka ndani. Mzee huurudisha mfukoni akaingia, ameridhika kwamba ameufungua mwenyewe. Binti huyu ameyafanya haya kwa miaka kadhaa sasa na hajawahi kunifanya nijione mdeni. Watu husifu watoto wa kuzaa. Mimi ningependa siku moja ukurasa huu uwasifu wakwe.

Kitu kimoja Bwera inacho ambacho sikukitarajia kingetusaidia, nacho ni soko la Mpondwe. Jumanne na Ijumaa watu wa Kongo huvuka mpaka na bidhaa zao, na hapo kila mtu husema Kiswahili. Ni Kiswahili cha Kongo, kina mambo yake, na Mzee huwasahihisha wauzaji kwa ukali, yeye ambaye Kiswahili chake kilizaliwa gwarideni. Wanamcheka, wanampa ndizi, wanamwita Afande. Siku za soko huwa hausumbui mlango. Nadhani masikio yake husadiki kwamba amerudi bondeni miongoni mwa wageni wenzake.

Ijumaa moja alinipotea sokoni humo. Nilikuwa nikichagua samaki, nikageuka, hayupo. Nikamsikia kwa mbali akiita: “Masika! Masika!” Sasa msomaji asiye wa huku ajue kwamba kwetu Wakonzo mtoto wa kike wa kwanza huitwa Masika, kila nyumba. Soko zima la Mpondwe liligeuka. Wasichana, bibi wenye mikongojo, mama aliyebeba mtoto mgongoni, wote waliitika. Mzee alisimama katikati yao akiwakagua mmoja mmoja kama gwaride, mpaka akanifikia. “Huyu ndiye,” aliwaambia. Sijawahi kuchumbiwa vizuri kama siku ile, na nilikuwa na miaka 69.

Mara nyingine alipotea kweli kweli, tangu asubuhi mpaka alasiri. Vijana wa kituo cha polisi walimkuta barabarani, hajui jina lake wala la mwanawe. Walipomwuliza yeye ni nani alisimama wima akaitaja namba ya uaskari, tarakimu zote, bila kusita. Askari mmoja alitambua ni kitu gani. Walimpigia saluti, wakamketisha, wakampa chai, wakauliza mjini ni nani mwenye mzee aliyekuwa polisi. Kizingiti kiko mtoni, lakini namba iliyoandikwa juu yake ilimrudisha nyumbani. Sasa tumeishona ndani ya kola ya koti pamoja na simu ya mwanangu.

Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi waliishambulia shule ya sekondari pale Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Sitasimulia msiba huo. Wenye watoto wao wapo na bado wanaomboleza. Nasema tu kwamba habari zilipotufikia sote tulitetemeka isipokuwa mtu mmoja. Mzee alivaa koti, akavuta kiti, akaketi mlangoni mpaka jua lilipochomoza, macho wazi, fimbo magotini. Hakuuliza yuko nyumba ya nani.

Mapema mwaka 2024 mtu mmoja alimpigia simu mwanangu mkubwa akitaka kununua mawe. Huko Kilembe mawe yaliyoletwa na mafuriko yamekuwa biashara, watu huyavunja yakawa kokoto, na huyu alisema mawe mengi mazuri yako juu ya kiwanja chetu. Nilicheka. Nikasema mwambieni anionyeshe kwanza kiwanja kiko wapi. Lakini wanangu waliona ni vema twende tukaweke alama, na mkubwa akasema tumchukue Baba, aone kwa macho, labda roho yake itatulia. Mimi sikuafiki. Hata hivyo mama mwenye watoto watu wazima hushindwa kura nyumbani kwake, tukaenda.

Tulipita Kinyamaseke na Kikorongo, tukapita Muhokya, tukaingia Kasese. Njia nzima Mzee alitazama dirishani kama mtalii. Bondeni tulishuka tukatembea juu ya mawe. Wanangu walibishana pembe ya kiwanja ilikuwa wapi. Jirani mmoja wa zamani alionyesha huku, mwingine akaonyesha kule, na kila mmoja alikuwa tayari kuapa. Mimi sikutambua kitu ila mstari wa mlima ule wa mbele, ambao niliutazama miaka 31 nikiosha vyombo. Niliposogea kushoto kidogo mlima ukakaa sawa, nikajua nimesimama jikoni. Sikuwaambia.

Mzee alikuwa amesimama ukingoni akiusikiliza mto. Uso wake ulibadilika, nikadhani ndiyo sasa anakumbuka, nikajiandaa kumshika. Akageuka akamwita mjukuu: “Kijana, una kalamu? Andika. Hapa pametokea tukio.” Mtoto akatoa daftari. Mzee akatembea huku na huku kwa hatua za kupima, mikono nyuma, akiamuru: “Mto umeacha njia yake na kuingia makazi ya raia. Nyumba moja haionekani. Wenye nyumba hawajapatikana. Mashahidi, hakuna. Weka nafasi ya sahihi.” Akatia sahihi, ile ile iliyosimama wima. Kisha akanishika mkono. “Twende nyumbani, Masika. Giza likiingia hapa si pazuri.”

Karatasi ile ninayo katika mfuko wa hati, pamoja na hati ya kiwanja. Mawe hatukuuza, kwa sababu mnunuzi mwenyewe hakupata pa kuanzia. Njiani hatukuzungumza sana. Tulipofika Bwera ilikuwa usiku, ufunguo ukakwaruza, mlango ukafunguliwa, na Mzee akauliza kama sisi nasi tumetoka mbali.

Sasa ni msimu wa mvua. Zinapoanza kupiga mabati yeye huamka, hushusha miguu kulia, husukuma mlango, huchukua koti, akataka kwenda kuwahamisha kuku kabla mto haujafika. Simzuii. Nachukua tochi tunatoka pamoja mpaka kwenye banda, nami namulika huku yeye akihesabu kwa kidole. Mkwe wangu anafuga kuku wanane. Mara nyingine anafika sita akasahau, tunaanza upya. Akimaliza humwambia wote wamo, naye husema vizuri, tunarudi ndani, koti linatundikwa, na baada ya muda mfupi nasikia anakoroma.